Glasi Aliyoionja Nyogokuru

Ineza mwanangu,

Jana ulisimama mlangoni mwa stoo, simu sikioni, unaongea na mumeo huku unaongea na mimi, ukaniuliza: "Mama, za shampanye nibebe zipi, ndefu au pana?" Nikakujibu beba unazotaka. Ukaguna, ukaendelea na simu yako. Lile halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu, na tukikaa ana kwa ana tutagombana kabla sijafika katikati, kwa hiyo nimeamua kuliandika. Sasa ni saa kumi alasiri. Wewe na mumeo Deo mmekwenda Nyabugogo kukata tiketi za kesho, na nyumba nzima hapa Rebero imejaa maboksi yako. Mwandiko usikushangaze. Unaijua mikono yangu ilivyo siku hizi, kalamu inakwenda inakotaka.

Kesho unakwenda Bukoba kuanza biashara yako ya kupamba kumbi za harusi, na kukaa nyumba moja na mama mkwe wako, Ma Koku. Hilo la kwanza halinitii hofu hata kidogo. La pili ndilo linaloniandikisha. Sitakuambia jinsi ya kufunga mizigo, wala jinsi ya kupika ndizi za Kihaya, wala usali sala gani kabla ya safari. Nitakuambia habari za glasi, maana ndicho kitu ninachokijua kuliko wanawake wengi wa mji huu, na nitakuambia nilikijuaje. Hiyo sehemu ya pili sijawahi kumwambia mtu.

Glasi za shampanye unazijua kwa macho, umezifuta tangu hujaota meno ya pili. Kuna ile pana, fupi, mdomo wazi kama kisosi kilichowekewa mguu. Waliosoma kwa Kifaransa wanaiita kupe, na sisi tuliokulia Tanzania tulikuwa tukicheka, kwa sababu kwetu kupe ni yule mdudu anayemnyonya ng'ombe. Kuna fluti, ndefu na nyembamba. Na kuna ile yenye tumbo kidogo katikati na mdomo uliojikusanya, wauzaji wanaiita tulipu. Mimi nilianza na kupe, na nilianza vibaya.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunakaa Kanombe, ile nyumba ambayo ndege ikipita sahani zinagongana kabatini. Baba yako, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya mizigo pale uwanja wa ndege, na alikuwa anatafuta cheo cha usimamizi. Akamwalika bosi wake nyumbani Jumamosi mchana, yeye na mkewe na wafanyakazi wenzake wanne. Baba yako alitaka tuwape bia na mishikaki kama watu wote. Mimi ndiye niliyesema shampanye. Nikamwambia bia kila mtu anayo, huyu bosi anatakiwa aingie humu aone kuwa kuna watu.

Shampanye yenyewe haikuwa shampanye. Ulikuwa mvinyo wa mapovu wa kawaida tu, lakini Kigali chochote kinachofunguka kwa mlio ni shampanye, hata juisi ya watoto. Glasi nilikwenda kukodi Rwezamenyo, kwenye duka la mama mmoja Mwislamu, Hajati Mariamu, ambaye nadhani unamkumbuka kwa visheti vyake. Alinionyesha fluti, nikazikataa, niliona kama vyombo vya maabara. Nikachagua kupe. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya kalenda. Nilipokuwa msichana Karagwe, dukani kwetu kulikuwa na kalenda yenye picha ya mwanamke wa Kizungu ameshika glasi ya namna ile, anacheka, meno yote nje. Kichwani mwangu hiyo ndiyo ilikuwa shampanye, na yule mwanamke ndiye niliyetaka kuwa.

Nikaziosha kwa sabuni ya unga ya kufulia, nikaona povu linavyopanda, nikafurahi kuwa zimetakata. Nikazifuta kwa taulo. Halafu nikafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu anaweza kulifanya, kwa heshima kabisa: mgeni akifika asikae mikono mitupu. Wageni walitakiwa kuja saa nane. Saa saba nikafungua chupa zote, nikajaza glasi zote hadi ukingoni, nikazipanga kwenye sinia, nikazifunika kwa vitambaa vyeupe kama mandazi yasituliwe na nzi. Walifika saa nane na nusu.

Nyogokuru, mama wa baba yako, alikuwa amekuja kutoka Kibungo siku mbili kabla, bila kuitwa. Wewe unamkumbuka akiwa bibi wa kikohozi na mkoba. Nikuambie alikuwa nani. Alikuwa mwanamke aliyekaa uhamishoni Bujumbura miaka mingi, mtaa wa Buyenzi, akapika urwagwa, pombe ya ndizi, akalea watoto watano kwa pombe hiyo. Pombe ikikosea alijua kwa harufu, kabla haijafika mdomoni. Mimi nilimwomba siku ile akae chumbani nawe mpaka wageni waondoke. Nilimwomba vizuri, kwa ile sauti ambayo mtu anaitumia kumwomba mtoto atulie. Akaniitikia. Wageni walipoketi, akatoka amevaa umushanana wake, lile vazi la heshima, ameunyoosha kwa pasi, akakaa upande wa mgeni mkubwa. Jina lako, Ineza, yeye ndiye aliyelichagua. Maana yake wema. Alikuwa na matumaini.

Sasa nikueleze kitu ambacho wewe mtoto wa mjini hukuwahi kukiona kikifanywa sawasawa. Kwetu, anayempa mgeni kinywaji anaonja kwanza. Gusogongera. Anaonja mbele ya mgeni, mgeni aone kuwa hakuna sumu na kuwa pombe imekaa vizuri, halafu anampa chombo kilekile kwa mikono miwili. Karagwe nilikokulia wanafanya hivyohivyo. Babu yangu alifanya hivyo kila siku mbele yangu. Kwa hiyo usije ukanitetea kwamba sikujua.

Nilitoka jikoni na sinia. Nyogokuru akasimama, akachukua glasi ya kwanza, akaonja. Badala ya kumgeukia bosi akanigeukia mimi, akasema chinichini, kwa Kiswahili chake cha Buyenzi:

"Iyi imekufa, mwana yangu. Usimupe mugeni."

Nilisikia kila neno. Nikaona pia mke wa bosi anaangalia alama ya mdomo kwenye ukingo wa glasi. Nikamnyang'anya. Nikatembea nayo hadi mlangoni, nikaimwaga kwenye maua, nikarudi, nikasema kwa sauti:

"Mtuwie radhi. Mama anatoka kijijini. Huko wanakunywa chungu kimoja."

Baba yako alicheka. Nataka ulijue hilo, maana ulimzika ukiamini alikuwa mtu mpole. Alicheka wa kwanza, kabla ya mgeni yeyote, na mama yake bado amesimama, viganja vyake viwili viko hewani vimeshika glasi ambayo haipo. Wengine wakamfuata kwa adabu. Bosi hakucheka. Alichukua glasi nyingine kwenye sinia langu, akanywa, akameza, akasema kwa Kiswahili chake cha Kigali:

"Ile ya kwanza ningekunywa, madamu. Mukecuru wangu, mama yangu, nyumbani iko nafanya hivyo hivyo."

Nyogokuru akasema "Urakoze," asante, akarudi chumbani kwako. Walipoondoka nilikwenda jikoni nikaonja zilizobaki. Ilikuwa maji ya sukari yaliyolala, na nyuma yake harufu ya sabuni ya kufulia. Hakukuwa na povu hata moja. Alikuwa amenisitiri, na mimi nikamvua nguo mbele ya watu.

Cheo baba yako alikipata. Usitafute adhabu hapo, haikuja.

Kitu kibaya zaidi kilitokea jioni ileile, na sidhani unakikumbuka. Ulinifuata nikiwa naosha vyombo ukaniuliza: "Mama, kwani mdomo wa Nyogokuru ni mchafu?" Ningeweza kukujibu hapana. Neno moja, herufi sita. Nikakujibu ndiyo. Nilikuwa na hasira kwa sababu nilikuwa nimeshaonja yale mabaki na nilijua nani alikuwa sahihi. Tangu siku ile ukawa unapangusa kijiko kabla ya kula alichokipakua yeye. Akikumegea muwa, unauweka chini. Aliona. Alikuwa anakuangalia unavyopangusa, halafu ananiangalia mimi.

Usidhani alikuwa mnyonge, lakini. Kila alipokuja tena kututembelea, alikuwa anafungua mkoba wake, anatoa kikombe chake cha bati cha kijani, anakiweka mezani. Na akihakikisha kuna watu ananiuliza: "Mama Ineza, kikombe changu ndicho hiki, ama nimekosea tena?" Miaka sita. Nilikuwa natabasamu huku meno yananiuma. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye alihakikisha hakuna anayeniambia.

Mtu mwingine angeomba msamaha wiki ile ile, mambo yakaisha. Mimi nilikwenda kusomea glasi. Niliporudisha zile kupe Rwezamenyo, Hajati Mariamu alinusa moja, akaiweka chini.

"Nani aliosha hii na sabuni ya nguo?" akaniuliza. "Sabuni inaua kinywaji cha watu."

"Wewe unajuaje, Hajati? Umewahi kuonja?"

"Sijaonja na sitaonja," akasema. "Mimi naangalia zinavyorudi. Kupe zinarudi nusu zimejaa, watu wameacha, imekufa mikononi mwao. Fluti zinarudi na alama za rangi ya midomo na kinywaji kidogo chini. Zile za tumbo zinarudi tupu. Mtu anayekodisha hahitaji kuonja."

Nilikaa kwake siku nzima. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Mwaka uliofuata nilikuwa na kabati langu dukani kwake, na baada ya hapo duka langu. Kila nilichojifunza nilijifunza kwa hasira, nikimwazia yule bibi na kikombe chake cha bati. Nilijifunza kwamba kinywaji cha mapovu hakimiminwi kabla mgeni hajakaa. Kwamba ukijaza hadi ukingoni unaonyesha ushamba wako, si ukarimu. Kwamba mkono hushika mguu wa glasi, kiganja kisiguse tumbo likapata joto. Kwamba glasi ikitakata kupita kiasi povu halipandi, linahitaji vumbi kidogo ili lipate pa kuanzia, na glasi yenye mabaki ya sabuni ndiyo imekufa kabisa. Watu wa Kigali walinisifu kuwa nina jicho. Sikuwa na jicho lolote, nilikuwa na kinyongo. Karo yako ya shule, hii nyumba, hata gauni lako la harusi, vyote vimetoka kwenye kinyongo kile, na nakuambia kwa sababu ulizoea kusema kwa watu kwamba mama yako alijenga kwa upendo.

Nyogokuru alipougua ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikwenda Kibungo hospitalini peke yangu. Sikuwa na maneno. Kwa hiyo nilibeba glasi, na hapo una ruhusa ya kunicheka: nilichagua tulipu safi kuliko zote, nikaifunga ndani ya taulo, nikaitia kwenye mkoba, nikadhani itasema kwa niaba yangu. Nilimimina maji. Nilikaa kando ya kitanda nikamshikia. Akaitazama glasi, akanitazama mimi. Akasema:

"Sogongera."

Nikaonja mbele yake, kama inavyotakiwa. Nikampa kwa mikono miwili. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka hadi karibu na mdomo, akanusa, halafu akaishusha juu ya kimeza taratibu, kwa uangalifu, isije ikavunjika. Akageukia ukuta. Nilikaa pale nikidhani anapumzika. Baada ya muda muuguzi akaja na maji kwenye kikombe cha wodi, na nikamsikia akiyanywa yote, alikuwa na kiu kali.

Alikufa siku tatu baadaye. Wewe na baba yako niliwaambia kwamba alipokea maji mkononi mwangu. Ni kweli alipokea. Nimeligeuza jambo hili miaka na miaka. Kuna wakati nilijidanganya kwamba alitaka kunipa heshima, kisha nguvu zikamwishia. Siku hizi naamini alifanya makusudi, na alilifanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi, kwa sababu hakuhitaji watu wa kucheka.

Sasa tuje kwako.

Jumapili tulikufanyia sherehe ya kukuaga. Ma Koku alikuwa bado hapa, alikuwa anarudi Bukoba Jumatatu kukuandalia chumba. Meza uliipanga mwenyewe, na nilikuangalia kwa fahari, sitaficha. Tulipu zinang'aa, chupa umefungua watu wakiwa wameshaketi, umemimina kwa kuinamisha, ukaacha nafasi juu. Hakuna nilichoweza kukurekebisha. Ukapita kwa kila mtu, ukafika kwangu. Mkononi ulikuwa na kikombe cha plastiki. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepanga kazi:

"Mama wewe utavunja, na hizi ni za kubeba."

Watu wakacheka. Wewe hata hukucheka, ulikuwa umeshamfikia mtu anayefuata. Mimi, mwenye glasi zote zile, nikanywa kwenye plastiki, nimeshikilia kwa mikono miwili ili kutetemeka kusionekane. Mkuki kwa nguruwe. Niliumia, Ineza, niliumia mpaka nikaiacha keki mezani. Na nikaumia zaidi kwa kuwa ulikuwa sahihi, ningeivunja kweli.

Ma Koku alicheka kuliko wote. Alicheka kwa sababu hakujua kuwa zamu inayofuata ni yake.

Utasema hukukusudia. Naamini. Hapo ndipo tunapotofautiana na ndipo ninapokuogopea. Mimi nilikusudia. Nilijua kila nilichomfanyia yule bibi, na ndiyo sababu kilinila kwa ndani mpaka leo. Wewe unafanya bila kuhisi chochote, na mtu asiyehisi hana pa kuanzia kujuta. Mimi ukatili nilijifunza ukubwani, kwa bidii. Wewe uliupata jikoni kwangu ukiwa na miaka sita, kwa neno moja, ukakua nao. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu wanasema, wakidhani wanamtukana mtoto.

Nina ushahidi, kama unautaka. Ma Koku anaonja. Umemwona wiki ile aliyokaa nasi: anachota mchuzi kwa kijiko, anaonja, anakirudisha sufuriani, anakoroga. Nilikuwa nimekaa pale nakatakata vitunguu kwa tabu, na sikumwangalia yeye, nilikuangalia wewe. Uliangalia kile kijiko vilevile ulivyokuwa unaangalia muwa wa Nyogokuru. Hukusema neno, umelelewa. Kesho yake alikitafuta kijiko asubuhi nzima, kile cha mti chenye mpini mrefu, akafungua droo zote, na wewe ukamsaidia kukitafuta. Mimi nilikikuta kwenye pipa la taka, kimefungwa ndani ya gazeti.

Umri wake ni miaka sabini na mbili. Mumewe alikufa, binti zake wako mbali, nyumba ile ya Bukoba ni ya mwanawe, na kuanzia kesho jikoni mle ni mwako. Hana pengine pa kwenda. Nyogokuru alikuwa na Kibungo kwake, alikuwa na mkoba, alikuwa na ulimi. Ma Koku ni mtu mwepesi, anacheka na kila kitu, anakupenda na ameshawaambia watu wa kanisani kwake kuwa analetewa binti. Mtu wa namna hiyo hatakujia na kikombe cha bati. Ataacha kuonja, kisha ataacha kupika, kisha atakuwa anakula chumbani, nawe utawaambia watu kuwa mama mkwe anapenda utulivu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Beba tulipu zote, dazani nne, nimekuachia. Kupe acha, ni za picha. Fluti chukua chache kwa ajili ya mvinyo mbaya, maana mdomo wake mwembamba unazuia pua, na mteja akileta kinywaji duni utamsitiri. Ndiyo, hata glasi inaweza kumsitiri mtu. Kwa harusi za Bukoba hayo yanakutosha, na utafanikiwa, sina shaka. Una mkono mzuri kuliko wangu ulivyowahi kuwa.

Sikuombi uniombe radhi kwa ile plastiki. Ukiniomba kesho kituoni nitajua umeisoma barua, basi, na keshokutwa utakuwa umesahau. Sikuombi hata uahidi kuwa mwema kwa Ma Koku. Ahadi yako nisingeiamini, kwa sababu mimi nilimwahidi baba yako hivyohivyo kabla ya harusi yetu. Nimetafuta kitu kingine cha kufanya, na nimeshakifanya, na unapaswa kukijua kabla hujapanda basi.

Leo asubuhi, ulipokwenda kwa fundi kuchukua nguo zako, nilimpigia simu Ma Koku.

"Waitu, mama Ineza," akasema, "kuna nini asubuhi yote hii? Watoto wameahirisha?"

Nikamwambia watoto wanakuja. Nikamwambia akae chini. Kisha nikamsimulia yote: sinia, maua niliyoyamwagia, neno nililokujibu jioni ile, maji ya hospitali. Hakunikatiza. Nikafika kwenye kijiko.

"Alikitupa?" akaniuliza.

"Alikitupa."

"Kumbe. Na mie nilikuwa nakitafuta kweli."

Nikamwambia anisikilize vizuri. Siku atakapojiona mchafu ndani ya nyumba ya mwanawe, asimweleze Deo, maana Deo atacheka, wanaume hucheka wa kwanza. Asinisubiri mimi nije nipatanishe. Apande basi la mpakani Rusumo, aje Rebero. Chumba kilichokuwa cha Ineza ni chake, nimeshabadilisha mashuka.

"Unamfanyia hivyo mwanao wa kumzaa?" akaniuliza.

"Ndiyo."

Akauliza tena: "Na yeye je? Siku ndoa ikimshinda, akitaka kurudi kwa mama yake?"

Nikamwambia kitanda ni kimoja, na nimeshakitoa.

Mama